Moyo Uliosajiliwa kwa Jina Langu

Siku niliyoambiwa kwamba moyo wangu umechoka, nilikuwa nimetoka kupanda ngazi za boila mara mbili, na mara ya pili nilipanda na kilo kumi na tano za vifaa begani. Sikuhema. Kwa hiyo Mhandisi Nasra aliponiketisha ofisini kwake, akafunga mlango na kuanza kuniita "mama yangu" badala ya "Mama Gama", nilijua kuna jambo zito, ila sikujua ni la nani.

"Shikamoo tena, mama yangu."

"Marahaba tena. Nani kafa?"

Hakucheka. Aligusa ukuta kwa kidole, ukuta ukawaka, mistari ya kijani ikaanza kupita juu yake ikipanda na kushuka.

"Huu ni moyo wako wa wiki sita zilizopita," alisema. "Hapa unaruka pigo. Hapa unakimbia wakati umekaa tu kantini unakunywa chai. Na tangu mwezi uliopita hulali chali, unalala umeegemea, kwa sababu ukilala chali pumzi inakukatika. Mbona hukusema?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nalala chali na nakoroma mpaka mume wangu ananipiga mateke. Neno lilifika mdomoni. Ndipo nikaitazama bangili ya kupima mapigo mkononi mwangu, nikaona namba saba iliyochorwa pembeni, nikalimeza. Bangili yangu ni namba sita. Saba ni ya fundi mwenzangu, Exavery Kihwele.

Nasra aliendelea kusema kwa upole, naye ni binti mpole kweli, ana miaka ishirini na tisa na hajawahi kumpandishia sauti hata mfagizi. Alisema daktari wa makao makuu ameshayaona mapigo hayo. Mtu mwenye moyo wa namna hii akiingia ndani ya kinu, kwenye joto la nyuzi arobaini na nane, anaweza asitoke kwa miguu yake. Kwa hiyo Jumatatu, siku ya kuwasha kinu, jina langu litatolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Wamenitafutia kazi ya kufundisha chuoni, yenye kiti, meza na feni.

"Najua inauma," alisema. "Lakini fikiria mama, bila bangili tusingejua. Tungekuja kujua siku ya kukubeba."

"Kweli kabisa," nilimjibu, nikaushusha mkono wenye bangili chini ya meza.

*

Inabidi nieleze kosa letu, maana ni langu mimi kuliko la mtu mwingine yeyote.

Kinu cha sukari cha Mtemele kikizimwa kwa matengenezo, tunaingia ndani yake, kati ya magurudumu ya chuma ambayo kila moja lina uzito wa tani ishirini. Zamani, yaani mpaka miezi minne iliyopita, kila fundi kabla ya kuingia alifunga kufuli lake kwenye swichi kuu. Makufuli thelathini na mawili yalining'inia pale, na kinu kisingeweza kuwashwa mpaka la mwisho litoke. Viwanda vingine fundi hutia ufunguo wake mfukoni mwake mwenyewe. Sisi Mtemele hapana. Ufunguo wako unampa mwenzako, naye anakupa wake. Mtu akiwa amechoka, au kagombana na mkewe asubuhi, anaweza kufungua kufuli lake huku akili iko kwingine, lakini hawezi kufungua la mwenzake bila kumwona kwa macho kwamba katoka. Mwaka wa kumi na tisa sasa ufunguo wangu uko kwa Exavery, na wake uko kwangu.

Exavery ni Mhehe, mimi ni Mngoni. Mababu zetu walipigana, na tangu hapo ni watani. Yeye ananiita mateka wake, mimi namwita mateka wangu, na kila mmoja ana ushahidi kwamba babu yake ndiye aliyeshinda. Mama yake alipofariki nilisafiri mpaka Iringa nikaingia kaburini kabla ya jeneza, nikalala chali, nikasema siwapishi mpaka nipewe jogoo. Walinipa jogoo, na Exavery ndiye mtu wa kwanza aliyecheka siku ile.

Halafu Nasra akaja na bangili. Alitueleza wakati wa chai ya saa nne, akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Bangili inasoma mapigo ya moyo na inajua ulipo. Mfumo unahesabu nani yumo ndani ya kinu na nani katoka, na akibaki mmoja, swichi haikubali hata mkurugenzi aje kuibonyeza. Kuanzia siku hiyo makufuli yangewekwa kando, kwa majaribio. Watu walisikiliza kwa adabu ya kutisha. "Sawa mhandisi." "Tumeelewa mhandisi." Siku hiyo hiyo mfumo ukapewa jina la Mkwe, kwa sababu mbele ya mkwe mtu unaamkia vizuri, hutanii, na aibu yako unaificha.

Nasra alinifuata pembeni. Alikuwa amegundua, na hakukosea, kwamba wale mafundi hawamtazami yeye, wananitazama mimi. Aliniomba nivae wa kwanza. Nilivaa, kwa sababu nilimpenda yule binti na kwa sababu chombo chenyewe ni kizuri, sijawahi kukataa chombo kizuri. Nilipovaa, Exavery alivaa. Alipovaa Exavery, wote wakavaa. Ripoti ilikwenda makao makuu ikisema wafanyakazi wa Mtemele wameipokea teknolojia kwa asilimia mia moja, na Nasra alipongezwa kwa barua.

Jioni ile, chumba cha kubadilishia nguo, Exavery aliinua mkono wake na kuniuliza, "Sasa ufunguo wangu nani anashika?"

Sikufikiri hata kidogo. Nilivua bangili namba sita, nikampa, nikavaa saba yake. Wengine walituona. Kabla hatujatoka getini, wote thelathini na wawili walikuwa wamebadilishana na wenzao wa funguo.

Tulichokuwa hatukijua ni hiki. Kwa siku kumi na nne za mwanzo bangili inajifunza moyo, jinsi unavyojifunza hatua za jirani mpaka unamtambua akipita dirishani. Baada ya hapo haikubali moyo mwingine, itasema huyu ni mgeni. Kwa hiyo Mkwe alitufahamu vizuri sana, sote, kwa majina yasiyo yetu. Hesabu ya waliomo ndani ilikuwa sahihi kila siku, ndiyo maana hakuna aliyestuka.

*

Nilimkuta Exavery kantini kesho yake, Ijumaa, saa nne. Alikuwa na chapati mbili na hakuwa amezigusa. Nilikaa mbele yake.

"Mateka wangu," nilianza, "umeanza lini kulala umeegemea?"

Nje trela zisizo na madereva zilikuwa zinamwaga miwa ya kwanza ya msimu, na kelele yake ilitufaa, hakuna meza nyingine iliyotusikia.

"Nani kakwambia?"

"Mkwe. Moyo wako kaudhania wangu. Jumatatu nazuiwa mlangoni, napelekwa kufundisha chuoni, chini ya feni."

Aliitazama bangili namba sita mkononi mwake kwa muda mrefu. Exavery ni mwanamume mkubwa, lakini siku ile niliona kola ya shati ilivyompwaya. Niliona aibu kwamba ilinipasa kuoneshwa na mashine.

"Miguu inavimba pia," alisema. "Inavimba jioni. Asubuhi inarudi."

"Na Jumatatu ni wewe unayeingia kinuni kukagua."

"Kila mwaka ni mimi."

"Mvuke utakuwa umefunguliwa mabombani."

"Kila mwaka unafunguliwa." Aliisukuma sahani. "Sikiliza, Kandida." Akiniita kwa jina langu najua hatutanii. "Wewe umebakiza miaka minne. Umepewa kazi ya feni. Nenda. Mimi nikitolewa mle ndani leo, kesho nitakuwa mzee anayekaa barazani kuhesabu kuku. Umeshika ufunguo wangu miaka kumi na tisa na hukuwahi kuniuliza naingia kufanya nini. Usianze sasa."

"Utafia mle."

"Basi nitafia kazini. Moyo ni wangu."

"Na kwa Mkwe atakayekuwa amekufa ni nani, na jina langu ndilo lililoandikwa kwenye moyo huo?"

Alisema tu, "Ukimwambia Nasra nitakana. Watu wote watakana. Watasimama na mimi, kwa sababu watajua ulinichongea."

Alikuwa anasema kweli, na hilo liliniuma kuliko yote. Ningeweza kwenda ofisini kwa yule binti, nikafunga mlango, nikasema. Mchana huo huo Exavery angepewa barua. Mafundi wangejua kwamba bangili zinapeleka siri za mtu juu kupitia kwa Kandida, na kuanzia hapo wangewavisha mbuzi wao. Nasra angefukuzwa kwa ripoti yake ya asilimia mia. Na kama ningenyamaza, mwenzangu angeingia kinuni Jumatatu kwa idhini ya Mkwe, maana mlangoni hufuatwa orodha ya majina, si bangili, na kwenye ukuta wa Nasra moyo wa Exavery Kihwele ni wangu, na wangu ni mzima kama wa ng'ombe.

Jumamosi nilifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Jumapili kanisani sikusikia somo hata moja. Moyo ni wake, nilijiambia, mtu mzima ana haki ya kuchagua anakwenda wapi na mwili wake. Halafu nilijiambia kwamba hachagui peke yake, kwa sababu anapita mlangoni kwa moyo wangu. Angeingia kwa moyo wake mwenyewe, wote wakiuona, na bado wakamruhusu, ningekuwa na machache ya kusema. Niliposimama kwa ajili ya baraka za mwisho nilikuwa nimeshaamua. Siri ya mtu haisemwi nyuma yake. Lakini mtani anaruhusiwa kusema lolote mbele ya mwenyewe, hadharani, na mwenyewe haruhusiwi kukasirika.

*

Jumatatu walikuja wakubwa wanne kutoka makao makuu, wakavalishwa helmeti mpya na kuketishwa jukwaani juu ya kinu. Nasra alikuwa nao, amevaa hijabu ya rangi ya bendera ya kampuni. Baada ya kinu kuwaka, walikuwa watie saini ya kuondoa makufuli kwenye viwanda vyao vyote saba.

Mabomba yalikuwa yanavuma. Exavery alisimama mlangoni mwa kinu na tochi yake, akisubiri Nasra amwashie taa ya kijani. Alinitazama mara moja tu, akageuka.

Nilikuwa nimeambiwa nisimame jukwaani na wageni. Nilishuka ngazi, nikampita Exavery begani, nikaingia mlangoni. Hakuna aliyewahi kunishika. Nilitambaa mpaka kati ya gurudumu la juu na la chini, pale miwa inapoliwa, nikalala chali na kukunja mikono kifuani.

Sauti ya Mkwe ikasikika kiwanda kizima, ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Exavery Kihwele yumo ndani ya kinu. Kinu hakitawashwa."

Nilisikia kicheko. Ni mafundi, walidhani mashine imekosea, halafu kicheko kikapungua kimoja kimoja, kwa sababu kila aliyecheka alikumbuka amevaa bangili ya nani. Kwenye jukwaa wakubwa walikuwa wanamtazama Exavery Kihwele, futi sita na nusu, amesimama nje ya kinu mbele ya macho yao.

"Toka humo, Mngoni," Exavery alisema kwa sauti ya chini.

"Sitoki!" Mimi sikuisema kwa sauti ya chini. "Nimefiwa! Mateka wangu amekufa, nimeingia kaburini mwake, na siwapishi mpaka niambiwe kafa kwa ugonjwa gani!"

"Mama Gama!" Hiyo ilikuwa sauti ya Nasra, na ilikuwa imepasuka. "Mama, kuna mvuke, tafadhali toka!"

"Exavery Kihwele yumo ndani ya kinu," Mkwe alirudia. "Mapigo yake ni mia moja na kumi."

"Mwongo!" nilipiga kelele. "Huu ni moyo wa mwanamke wa Kingoni, ni moyo wa washindi! Mhehe mwenyewe huyo hapo nje, muulizeni wake ukoje!"

Joto lilikuwa limeanza kunipata mgongoni kupitia ovaroli. Niliogopa, sitadanganya. Niliogopa si chuma, chuma kisingesogea na mimi nikiwemo. Niliogopa kwamba Exavery ataniacha nilale pale mpaka wanivute miguu, kisha ataondoka na bangili yangu na hataongea na mimi tena.

Sura yake ikatokea mlangoni. Alikuwa ameinama, ameshika fremu kwa mikono miwili, na niliona jasho ambalo halikuwa la joto.

"Sijafa," alisema.

"Basi waambie."

"Kandida."

"Waambie wewe. Mimi nikiwaambia nitakuwa nimekuchongea."

Aliinamisha kichwa. Kisha akageuka, akawatazama wenzake, si wakubwa, akavua bangili namba sita na kuiinua juu.

"Hii ni ya Kandida," alisema. "Tulibadilishana siku ya kwanza. Moyo uliomo humu ni wangu, na ni mbovu. Siwezi kuingia."

Mkwe alisema hamwoni Kandida Gama, akauliza kama yuko salama. Fundi wa pampu, Bi Theofrida, mwanamke asiyesema zaidi ya maneno kumi kwa siku, alivua bangili yake na kuiweka juu ya reli ya ngazi. "Hii ni ya Longinus," alisema. Longinus akavua, akaweka. Nilipotoka kinuni nikiwa nimelowa jasho, reli yote ilikuwa imejaa bangili, na mafundi walikuwa wamesimama mikono mitupu. Wakubwa walikuwa wamesimama pia. Nasra alikuwa ameketi kwenye ngazi, kishikwambi magotini, analia bila kujificha.

Nilikwenda nikakaa ngazi moja chini yake.

"Kosa ni langu," nilimwambia, na nilipaza sauti ili jukwaani wasikie. "Mimi ndiye niliyevaa kwanza na mimi ndiye niliyebadilisha kwanza. Huyu binti hakuwahi kutudanganya hata siku moja. Sisi ndio tuliomwambia sawa huku hatujakubali."

Mmoja wa wakubwa, mzee mwenye miwani, aliuliza kwa nini tulibadilishana. Nilimweleza habari za funguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Nasra, akamuuliza kama mfumo unaweza kufundishwa kwamba kila mtu ana mwenzake. Nasra alijifuta macho kwa ncha ya hijabu. Alisema unaweza. Alisema ingechukua wiki tatu, na kwamba angeanza kwa kukaa na sisi kantini, jambo ambalo alipaswa kulifanya kabla hajapanda juu ya kreti.

"Na kinu?" mzee aliuliza.

"Leo kitawashwa kwa makufuli," nilisema mimi, ingawa sikuulizwa.

*

Walimlaza Exavery zahanati ya kiwanda wakisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa kwenye skrini, mwanamke aliyezeeka vizuri, naye alisema huo ni moyo wa kutibika: dawa, upasuaji mdogo, na kinuni haendi tena. Alisema moyo huo ungeingia kinuni wiki ile, yeye sasa angekuwa anazungumza na mjane. Kisha skrini ikazimika tukabaki wawili.

Exavery alikuwa ameelekea ukutani. Nilivuta kiti.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekuwa dada yangu nisingekusamehe mpaka kufa."

"Najua. Dada yako asingethubutu."

Kwa mbali kinu kilikuwa kimeshika kasi, na nilimwona anakisikiliza, anakihesabu, anatafuta kama kuna gurudumu linalogonga. Machozi yalimtoka akayaacha. Na mimi nililia, kwa sababu nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokipenda kuliko vyote na ningemnyang'anya tena kesho kama ingebidi.

"Wangapi walikuwa wamebadilishana?" aliuliza baadaye.

"Wote. Sasa hivi wamepanga foleni kwa Nasra, wawili wawili na wenzao, wanasajiliwa upya. Theofrida anataka apimwe presha pia."

"Theofrida kasema hivyo?"

"Kwa maneno sita."

Alijigeuza polepole mpaka akalala akinitazama. Uso ulikuwa umevimba na macho mekundu, na bado alikuwa na hasira, niliiona, na ilikuwa haki yake.

"Yule binti watamfukuza?"

"Wako kwenye kikao sasa. Wanabishana."

"Na wewe umekaa hapa unafanya nini?" Alivuta shuka mpaka kifuani. "Nenda kamtetee. Mimi siendi popote."